Ngoma Niliyoipiga Juu ya Jina

Siku hizi kila mtu wa rika langu alikuwa shujaa. Kaa nao msibani, au kwenye benchi la zahanati, itaje miaka ya vijiji vya ujamaa, utawasikia: huyu alimjibu katibu uso kwa uso, yule aligoma kuhama, mwingine alimtimua mgambo kwa panga. Mimi huwa nanyamaza. Mimi niliogopa. Niliogopa asubuhi nikipiga mswaki, niliogopa mchana nikifundisha, na ikifika jioni nilikuwa hoi kwa kuogopa tu. Ninachokisimulia hapa nilikifanya kwa woga, na sijawahi kumwambia mtu ila mmoja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Ngulyati, mwanamke wa miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Kimali, kwa hiyo Kisukuma cha pale kilikuwa lugha yangu ya nyumbani. Nilifundisha Kiswahili na kuimba. Kuimba nilipewa kwa sababu walimu wengine, wanaume wote, walisema hawana sauti, ingawa kwenye pombe sauti walikuwa nazo.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kiwanja kwa kiwanja, na kuta nyingine zilikuwa bado hazijakauka. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye kaya zao za zamani, ambako kila mtu alikaa mbali na mwenzake, na uzio wake wa minyaa na mazizi yake. Wengine walihama wenyewe. Wengine walikuta paa limeshushwa wakiwa shambani. Habari hizo zilisemwa kwa sauti ya chini jikoni, na mimi nilipozisikia nilijifanya natafuta chumvi.

Siku moja afisa elimu alikuja kutoka Bariadi na Landrova, akaleta kinasa sauti ndani ya mfuko wa ngozi, kipaza sauti chenye waya mrefu, betri sita kubwa na kaseti moja. Shule chache zilikuwa zimechaguliwa kurekodi wimbo kuhusu kijiji kipya, na wimbo utakaopendeza ungepigwa kwenye redio, katika kipindi cha shule. Mwalimu mkuu alitia saini mara tatu kukipokea kile chombo. Kisha akanisukumia karatasi nami nikatia saini chini ya jina lake, maana mimi ndiye niliyekuwa nimepelekwa Mwanza kwenye semina ya siku mbili ya kurekodi.

"Kikiharibika," mwalimu mkuu aliniambia, "mimi nitakuwa sikuwepo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye alikuwa na mtu wa kumsukumia.

Kule Mwanza mkufunzi alikuwa ametuambia jambo moja ambalo sijalisahau. Studio kubwa, alisema, wana vipaza sauti vingi na meza ya kuchanganyia sauti, wanapandisha hii na kushusha ile kwa vidole. Ninyi mtakuwa na sikio moja tu. Kwa hiyo msihangaike na mashine, hangaikeni na watu. Ukitaka sauti ya mtu ipande, msogeze. Ukitaka ishuke, mrudishe nyuma.

Hilo ndilo nililowafundisha watoto wa darasa la sita. Tulitoa madawati nje, tukaning'iniza kipaza sauti kwenye kamba katikati ya chumba, halafu nikachora mistari ya chaki sakafuni. Mstari wa kwanza, hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti, ulikuwa wa mwimbishaji. Wa pili wasichana waitikiaji. Wa tatu wavulana, maana sauti zao zilikuwa zimeanza kuvunjika na mmoja wao alikuwa na koo la fahali. Wenye njuga nikawapeleka mlangoni. Ngoma tulijaribu ndani ikameza kila kitu, tukaitoa nje ya dirisha, na hata huko tukaifunika gunia la pamba. Ilikuwa ngoma ya shule, kuukuu, ngozi yake imepasuka pembeni, na ukiipiga ilitoa mlio wa kukwaruza baada ya kila pigo.

Mara ya kwanza walipojisikia walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kila mtoto alizitambua sauti za wenzake na hakuna aliyeitambua yake. "Huyo si mimi, mwalimu, huyo ni mtu mwingine." Lakini baada ya siku tatu walikuwa wameshanipita. Tulirekodi, tukasikiliza, tukahamishana, tukarekodi tena juu ya ile ile kaseti. Nilikuwa nasikia, "Njuga zimemeza maneno, zitoke nje," au, "Wewe rudi nusu hatua, unatufunika," na yule aliyeambiwa alirudi bila kununa. Kama kuna wakati katika miaka ile nilisahau kuogopa kwa dakika kumi mfululizo, ulikuwa huo. Betri tulizimaliza kwa raha hiyo.

Mwimbishaji alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye paji la uso pana na sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Ilikuwa ya kurithi. Babu yake alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika zile ngoma za baada ya mavuno, na watu wazima walilitaja jina lake kwa kutikisa kichwa. Huyo binti ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya wimbo: pamba, shamba la pamoja, shule, maji ya bomba ambayo tuliahidiwa. Nilikagua kila neno. Nikampelekea mwalimu mkuu, naye akampelekea katibu wa kijiji, na karatasi ikarudi imegongwa mhuri. Nilifurahi sana kuuona ule mhuri. Niliuweka ule wimbo ndani ya daftari kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Huyo binti aliishi na mama yake na wadogo zake katika mstari wa nne. Baba yake, kwenye daftari la kijiji, alikuwa amekwenda Geita kutafuta kazi. Kila katibu alipoita majina mama alijibu, "Yuko Geita," na katibu aliandika. Mimi niliamini. Au tuseme sikuwa na sababu ya kutoamini, na sikuitafuta.

Sasa niliseme kosa langu, maana ni kosa la mtu aliyezaliwa kule na akajisahaulisha. Ningi anapofika mwisho wa wimbo wake hujitaja. Hulitaja jina lake, la baba yake, na kaya anakotoka, na kama kuna jambo limempata mwaka ule hulisema hapo hapo. Ndivyo anavyouwekea wimbo alama, wasije wengine wakauchukua. Wimbo usiotajwa mwenyewe ni wa kuokota. Nimekua nikisikia hivyo Kimali kila mwaka baada ya mavuno. Lakini mimi nilikuwa naufikiria ule kama wimbo wa shule, na wimbo wa shule mwenyewe ni shule. Haikunijia kabisa kwamba binti aliyefundishwa na babu yake hawezi kumaliza wimbo bila kuufunga.

Siku ya kurekodi kwa mara ya mwisho, kiranja alibonyeza vitufe na mimi nikasimama nje ya dirisha kuwaongoza wapiga ngoma, ili wasizidishe. Tulikwenda vizuri. Mwitikio wa mwisho ulipoisha nilisikia kupitia ukutani sauti ya yule binti inaendelea peke yake. Maneno sikuyashika. Nikadhani amerefusha kwa ajili ya kupendezesha, na nikaona inafaa. Nikainua mkono, ngoma ikanyamaza. Mimi mwenyewe nilimsafishia nafasi.

Nilipoingia watoto walikuwa wananitazama kwa furaha ya ajabu. "Sikiliza mwisho, mwalimu! Sikiliza mwisho!"

Nikasikiliza. Mwisho ulikuwa kwa Kisukuma, na ulikuwa umetoka safi kuliko sehemu yoyote, kila silabi mahali pake. Kwa Kiswahili ni hivi: anayeimba ni mimi, mtoto wa fulani, mjukuu wa ningi fulani, na majina yote mawili aliyataja, mimi siyaandiki. Kaya yetu ni ile ng'ambo ya mto, upande wa kwenda Migato, iliyobaki na minyaa tu. Wengine wamehama. Baba hajahama. Bado anakunywa maji ya kisima chetu, na mimi humpelekea chakula.

Watoto walipiga makofi. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza, nikihesabu vichwa: watoto thelathini na nane, wote wamesikia, wote wana mama, na mama zao wote huenda kisimani.

"Ni nzuri," nikasema. "Nendeni mkacheze."

"Turudie, mwalimu!"

"Nimesema nendeni!"

Walitoka wamefadhaika. Binti alibaki mlangoni kidogo. Alitaka kusifiwa, na alikuwa na haki ya kusifiwa. Nikajifanya nakunja waya.

Afisa elimu angekuja kuchukua kaseti kesho yake mchana. Nilijua vizuri njia ambayo kaseti ile ingepita: mwalimu mkuu, katibu, Bariadi, Dar es Salaam. Katibu alikuwa Msukuma kama sisi, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alizungumza taratibu, aliandika katika kijitabu kidogo, na jambo likishaandikwa mle mgambo walikwenda. Kama angeisikia ile kaseti, baba wa yule binti angefuatwa siku ile ile. Na mimi? Mimi niliyepeleka maneno yakagongwa mhuri, kisha nikarekodi mengine? Ningeandikwa ukurasa huo huo. Nimejiuliza mara nyingi, kati ya hayo mawili ni lipi lililonitia hofu zaidi. Jibu nalijua, ndiyo maana naendelea kujiuliza.

Kurekodi upya wimbo mzima kusingewezekana. Betri zilikuwa zinakata roho, na ningelazimika kuwaambia watoto kwa nini. Kwa hiyo asubuhi nilizitoa zile betri sita, nikazipanga juu ya bati la choo cha walimu ziote jua, kama watu walivyofanya kwa betri za redio zao, walizoziita mawe. Nilikaa karibu nazo saa mbili nikijifanya nasahihisha madaftari. Mwalimu mkuu alipita akauliza kulikoni, nikamwambia mashine inataka nguvu, akaondoka haraka asije akaelezwa zaidi.

Saa tano darasa la sita lilikwenda shamba la shule kuchuma pamba. Yule binti nilimwita pembeni nikamtuma maji kisima cha mbali, nikamwambia kile cha karibu kimechafuka. Hakikuwa kimechafuka. Alichukua ndoo akaniambia, "Haya, mwalimu," akaenda.

Nikajifungia darasani na ile ngoma kuukuu. Kaseti niliirudisha nyuma, nikasikiliza mpaka mwitikio wa mwisho, nikasimamisha hapo ulipoishia. Nilikuwa nasikia sauti za watoto shambani kwa mbali. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye vitufe. Nikabonyeza viwili kwa pamoja, kile chekundu na cha kuchezesha, nikaanza kupiga ngoma kwa mikono yote miwili, mapigo ya kumalizia, kama wapiga ngoma wangu wangefanya. Nilipiga mpaka nikawa na uhakika maneno yote yamepita, na nikaongeza. Kila pigo nilikuwa naona mlango utafunguliwa.

Niliporudisha na kusikiliza, ilikuwa imetulia vizuri. Mtu asiyejua angesema wimbo ulitungwa umalizike hivyo, kwa ngoma. Mlio wa ngoma ulikuwa mwembamba kidogo kwa sababu ya betri, lakini nani angejali. Hata nilijisifu moyoni, eti mchanganyo haujaharibika. Saa nane afisa alikuja, akasikiliza mwanzo tu, akatia kaseti kwenye bahasha. Katibu alikuwa amesimama kando yake. Nilimwona anatabasamu.

Binti sikumwambia. Hili ndilo linaloniuma kuliko lote. Nilikuwa na nafasi ya kumwita, tukakaa chini nikamwambia: mwanangu, umemtaja baba yako mahali pa hatari, nimeondoa. Dakika mbili zingetosha. Lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba najua baba yake yuko wapi, na mimi nilitaka niwe mtu asiyejua.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua kutoka Bariadi. Wimbo wetu ungepigwa. Katibu aliamuru kijiji kizima kikutane siku hiyo alasiri kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara mwenyeji wa Tabora, ambaye redio yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Mzee aliitoa redio akaiweka juu ya pipa, akatandika mkeka kwa ajili ya wazee, na watoto wakajaa mbele hadi wakamzuia kupita.

Wimbo ulianza na kijiji kikalipuka kwa vigelegele. Watoto walishikana. Sauti ya yule binti ilitoka kwenye redio ikiwa kubwa na safi, nikaona mama yake anafuta macho. Binti mwenyewe hakuwa anashangilia. Alikuwa amesimama wima anasubiri, midomo inatembea pamoja na maneno, na mara kwa mara alikuwa akitupa jicho upande wa ghala la pamba. Nikafuata macho yake.

Kwenye kona ya ghala alikuwa amesimama mwanaume ambaye sikuwahi kumwona. Nguo zake zilikuwa zimefuliwa siku hiyo hiyo, bado zina unyevu mabegani. Alikuwa na fimbo ya kuchungia na paji la uso pana. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea kwenye redio.

Nilielewa mara moja. Binti alikuwa amemwambia. Bila shaka alimwambia: baba, nimekutaja, utasikika nchi nzima. Naye amevuka mto mchana kweupe.

Mwitikio wa mwisho uliisha. Ikaja ngoma yangu. Kwenye ile redio yenye nguvu ilitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, maana nilikuwa nimeirekodi kwa betri zinazokufa, kanda ikizunguka polepole, nayo sasa ilikuwa inakimbia na kukwaruza. Kisha mtangazaji akaitaja shule yetu, akaendelea na mambo mengine. Watoto wa darasa la sita waligeuka kunitazama. Yule mwanaume aliinua kichwa, akaendelea kusubiri, kama mtu anayedhani kuna kilichobaki.

Katibu alikuwa amemwona. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu," akaniuliza, "yule ni mzazi wa shuleni kwako?"

"Simfahamu," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kumwona. Lakini binti alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na alinisikia, nami nilimwona anafungua mdomo na mama yake anamvuta mkono kwa nguvu mpaka akayumba. Mdomo ukafungwa. Yule mwanaume alimtazama mwanawe, akamtazama tena, halafu akasogea mbele mwenyewe, akamwambia katibu jina lake lote na la baba yake na kaya yake. Hakuna aliyemsukuma. Mgambo wawili wakaenda naye ofisini.

Kesho yake trekta lilivuka mto likarudi na vyombo vyake, mlango mmoja na mbao za paa. Ng'ombe wake watatu wakaletwa kwa miguu. Hakupelekwa mahabusu Bariadi kama nilivyokuwa nimeogopa. Katibu aliandika kwamba atafyatua matofali ya darasa jipya la shule, na alale mstari wa nne na familia yake kama watu wengine.

Kwa hiyo nilimwona kila siku. Kuanzia asubuhi alikuwa nyuma ya darasa langu, kwenye shimo la udongo, anakanyaga tope. Tulisalimiana kama ilivyo desturi. Watoto nao waliniuliza kwa nini mwisho haukusikika. Niliwaambia redio ndio waliokata. Hao walikuwa watoto niliowafundisha mwenyewe kusikiliza, wanaojua sauti gani imesimama wapi. Binti alikuja shuleni kila siku, akaandika, akajibu akiulizwa, lakini tukianza kuimba alitazama nje. Nilidhani ni mimi anayenikasirikia, na nikaona ni haki yake.

Asubuhi moja nilikuwa napita na boksi la chaki, yule baba akaniita kutoka shimoni.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Alijifuta mikono kwenye magoti. "Mwalimu, ile ngoma ya mwishoni. Nani aliipiga?"

"Watoto," nikasema.

"Hapana. Watoto wako nimewasikia tangu mwanzo wa wimbo, wanapiga kwa mpango. Ile ilipigwa na mtu mmoja, tena ana haraka. Na wewe umewaambia watoto ni redio waliokata. Sasa redio wa Dar es Salaam wanayo ngoma iliyopasuka kama hii ya kwenu hapa?"

Nilitazama upande wa ofisi ya kijiji. Mlango ulikuwa wazi na baiskeli ya katibu imeegemezwa pale.

"Mimi ni mtoto wa ningi," akasema. "Jina langu nalijua, mwalimu, sikuvuka mto kuja kulisikia. Nilikuja kusikia kama mtoto analitaja. Watu wengine huku wamewakataza watoto wao wasiwataje. Huyu aliniambia, baba, nimekutaja. Nikaja. Sikusikia kitu. Na pale nilipokuwa nimesimama peke yangu mbele ya watu, nako hakusema. Sasa nyumbani analia anasema alitaja, na wenzake wanasema alitaja. Nimemwambia, wewe na wenzako mmenidanganya, kwa sababu mimi nilisikiliza kwa masikio yangu. Sijasema naye tangu siku ile."

Tangu siku ile ilikuwa imeshapita wiki ya tatu. Wiki tatu yule mtoto alikuwa anatoka kwenye nyumba ambayo baba yake hamsemeshi, anakuja kukaa mbele yangu, na mimi nilidhani ananikasirikia kwa ajili ya wimbo tu.

Nilitaka kusema ni mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Niliona hata kope zake zilivyokuwa na vumbi la udongo mkavu, na nikasikia sauti yangu inatoka ndogo, kwa Kisukuma, kama ya mtoto aliyeshikwa na kosa.

"Alikutaja, baba. Alikutaja wewe na babu yake na kaya yenu. Ilisikika vizuri kuliko wimbo wote. Ni mimi niliyefuta. Ngoma niliipiga mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Nilingoja atukane. Aliitazama ngoma iliyokuwa imeegemezwa ukutani chini ya dirisha, halafu akainama akachota maji kwenye ndoo, akanawa mikono, akanawa na uso. Akatoka shimoni akanipita. Darasani walikuwa wananisubiri, dirisha liko wazi. Alisimama nje ya dirisha, pale pale walipokuwa wanasimama wapiga ngoma wangu, akamwita mwanawe kwa sauti ya kuimbia, jina lake, kisha la kwake yeye baba, kisha la babu, kisha la kaya ile ng'ambo ya mto, yote, kwa mpangilio ule ule aliokuwa ameuweka mtoto kwenye kaseti.

Nilisikia dawati linasukumwa na miguu inakimbia mlangoni. Ningeweza kugeuka niwaone wanavyokutana. Sikuwaona. Nilikuwa natazama ofisi ya kijiji, kuona kama katibu amesikia.